Uwanja wa mzee usigeuke mtego

WAHENGA walituachia methali isemayo heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Hapana shaka walikuwa na nia njema ya kutuonya dhidi ya maneno yasiyopimwa. Hata hivyo, nathubutu kusema kwamba aliyeitunga methali hiyo alikuwa bado kijana. Mtu wa miaka 80 anapojikwaa, jambo haliishii kwenye kidole. Huenda likafika kwenye nyonga, kisha kitandani, na mwishowe kaburini.

Niliikumbuka methali hiyo nilipozuru Chepseon, kituo cha biashara kilicho kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kuelekea Kericho, katika eneo la Kipkelion Mashariki. Nilikwenda kumjulia hali mama mzazi wa rafiki yangu, mjane ambaye majirani wote, wakubwa kwa wadogo, humwita Kogo, yaani nyanya kwa lugha ya Wakipsigis.

Wanawe, ambao wote wana kazi mijini, walichanga wakamjengea nyumba ya mawe yenye mabati ya rangi. Barazani waliweka vigae ving'aavyo kama kioo, na kutoka barazani hadi uwanjani wakajenga vidato vinne, navyo vya vigae. Hakuna aliyepita njiani bila kuisifu nyumba hiyo. Lakini wahenga hao hao walinena kuwa nyumba njema si mlango. Nami naongeza: wala si vigae vya mlangoni.

Jioni moja ya Aprili, mvua ikiwa imetoka kunyesha, Kogo alitoka kuwafungia kuku. Kidato cha pili kilimtupa. Alilala pale chini, hatua chache kutoka mlango wake mwenyewe, hadi jirani aliyekuja kuazima kiberiti alipomkuta. Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika.

Alitibiwa, na leo anaweza kusimama kwa mkongojo. Wanawe, kwa mapenzi na hofu, waliweka mlango wa vyuma barazani na kumwagiza msichana wa kazi asimruhusu mama kutoka nje. Nilimkuta ameketi dirishani akiutazama uwanja wake. Nilipomuuliza mguu unaendeleaje, alinijibu hivi: "Mwanangu, mguu huu haunisumbui kama dirisha hili."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Kogo alitendewa makosa mawili, na yote mawili yalitendwa na watu wampendao. Kwanza walimjengea uwanja unaoangusha. Kisha, alipoanguka, badala ya kuurekebisha uwanja walimfunga mwenye uwanja.

Ndugu msomaji, nchi ya Chepseon ina baraka zake. Iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni baridi, na udongo wake mwekundu una kina na rutuba. Nyanda za juu za Kericho hupata zaidi ya milimita 1,400 za mvua kwa mwaka, na ni nadra mwezi kupita bila mvua kunyesha. Hiyo ndiyo siri ya majani chai kustawi huko. Lakini udongo uo huo unaoulea mchai ndio unaomtelezesha mzee.

Isitoshe, mvua ya huko ina tabia yake. Mara nyingi asubuhi jua huwaka. Adhuhuri mawingu hujikusanya kwa upepo wenye unyevu utokao upande wa Ziwa Victoria, na alasiri mvua hunyesha, wakati mwingine ikiandamana na mvua ya mawe. Kwa hivyo, uwanja huwa umelowa zaidi magharibi, wakati ambapo mzee hutoka kukama ng'ombe, kufungia kuku, kuokota kuni na kwenda chooni kabla ya kulala. Utelezi na giza humjia kwa pamoja.

Mwili wa mzee nao una hesabu zake. Macho yaliyoingiwa na mtoto wa jicho hayatofautishi kidato kimoja na kingine, hasa vyote vikiwa vya rangi moja. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu humtia mtu kizunguzungu anaposimama ghafla. Kisukari cha muda mrefu huua hisi za nyayo, hata mtu akakanyaga jiwe asijue kama amelikanyaga. Mifupa nayo hupungua uzito kadiri miaka inavyosonga, na zaidi kwa wanawake waliokoma hedhi. Yule ambaye ujanani aliteleza mara kumi na kuinuka akicheka, sasa huteleza mara moja tu.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa sababu ya kuanguka. Zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika mataifa ya kipato cha chini na cha wastani, na walio katika hatari kubwa zaidi ni wale waliopita umri wa miaka 60. Miongoni mwa majeraha yasiyokusudiwa, ni ajali za barabarani pekee zinazoua watu wengi kuliko kuanguka.

Hapa kwetu Kenya, sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa watu wa miaka 60 na zaidi walikuwa takriban milioni 2.7. Wengi wao wanaishi mashambani, katika nyumba ambazo choo kiko nje, maji yako nje, jiko aghalabu liko nje, na ng'ombe pia yuko nje. Wataalamu wa ng'ambo wanaposhauri kuhusu bafu na zulia, yafaa tukumbuke kwamba bafu la mzee wetu ni uwanja, na zulia lake ni nyasi zilizolowa.

Kuna msemo tunaoupenda sana kila balaa inapotokea, kwamba ajali haina kinga. Msemo huu umetulemaza. Kidato chenye utelezi si kudura. Ni fundi aliyekijenga, na kuna mtu aliyemlipa. Njia ya choo isiyo na taa si maandiko ya mbinguni. Ni jambo ambalo mikono ya watu ililiacha bila kulitengeneza, na mikono ya watu inaweza kulitengeneza.

Hebu sasa tutazame kosa la pili, lile la kumfungia mzee ndani. Watu wengi hudhani kwamba mzee aliyeketi ndani yuko salama. La, hasha. Misuli isiyotumika hunywea upesi, na mtu aliyekaa ndani miezi sita huinuka akiwa dhaifu kuliko alivyoketi, hivyo kuwa mwepesi zaidi wa kuanguka. Hukosa jua, ambalo ngozi hulitumia kutengeneza vitamini D inayoisaidia mifupa. Zaidi ya yote, hukosa watu.

Katika desturi za Wakipsigis, uwanja haukuwa mahali pa kupitia tu. Mbele ya nyumba ndipo palipokuwa na mabwaita, yaani madhabahu iliyotengenezwa kwa matawi ya miti teule, ambapo baraka zilitolewa na sherehe za ukoo kufanyika. Mizozo ya majirani iliamuliwa na wazee katika kokwet, wakiwa wameketi chini ya mti. Nyumba ilikuwa ya kulala na kujikinga baridi. Maisha yenyewe yalikuwa nje. Kumwondoa mzee uwanjani ni kumvua cheo chake angali hai.

Mwendo mfupi kutoka kwa Kogo anaishi mzee mmoja aliyestaafu baada ya kufanya kazi miaka mingi katika shamba kubwa la chai. Nyumba yake ni ya mbao, na hakuna apitaye njiani akaigeukia mara ya pili. Macho yake yamefifia kiasi kwamba hutambua watu kwa sauti. Lakini nilimkuta nje, peke yake, akitoka chooni bila wasiwasi wowote.

Mjukuu wake, anayejifunza useremala katika chuo cha ufundi, alikata fito za mikalitusi, akachovya ncha zake za chini katika oili chafu ya magari ili mchwa na unyevu zisizile upesi, kisha akazisimika kutoka mlangoni hadi chooni. Juu yake alipigilia fito ndefu zilizoparuzwa vyema, kwa kimo cha kiuno cha babu yake. Babu hushika ufito mlangoni na hauachi mpaka afike. Macho yake hayaoni, lakini mkono wake unaona.

Chini ya mti wa tebeswet ulio uwanjani, kijana huyo alitengeneza benchi lenye egemeo na mikono. Hapo ndipo mzee huota jua la asubuhi, na ndipo majirani humjia kutaka shauri kuhusu mipaka, mahari na madeni. Mzee huyu, ambaye hana hata kigae kimoja, ana uwanja bora kuliko ule wa Kogo.

Mambo yanayotakikana si mengi, wala hayahitaji mhandisi. La kwanza ni njia. Kutoka mlangoni hadi chooni, jikoni na bombani, iwekwe njia ya kokoto iliyoshindiliwa au ya saruji, pana kiasi cha watu wawili kutembea bega kwa bega, maana mzee mgonjwa hutembea na msaidizi. Kando yake uchimbwe mtaro ili maji ya mvua yasiifanye njia kuwa mto. Kama ni saruji, fundi apitishe ufagio juu yake ingali mbichi. Michirizo ya ufagio hushika nyayo. Saruji iliyolainishwa ikang'aa ni sabuni mvua inaponyesha.

La pili ni vidato. Kimo cha kila kimoja kisizidi sentimita 15, upana wake usipungue sentimita 30, na vyote vilingane, kwani mguu huzoea kimo na hudanganywa na kile kinachotofautiana na vingine. Ukingo wa kila kidato upakwe rangi nyeupe au ya manjano ili jicho lililofifia liuone. Kuvumwani na ukungu wa kijani unaoota penye kivuli usuguliwe mara kwa mara. Palipo na nafasi, mteremko ni bora kuliko vidato, mradi usiwe mkali. Kanuni ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda ipewe sentimita 12 za urefu.

La tatu ni mahali pa kushika na mahali pa kuketi. Kila penye vidato pawe na kishikio imara, na ni bora viwe viwili, kila upande kimoja. Benchi liwe na kimo cha takriban sentimita 45, maana kigoda cha chini humla mzee: huketi kwa urahisi na kuinuka kwa shida. Njia ikiwa ndefu, katikati pawe na kiti kingine cha kupumzikia.

La nne ni mwanga. Siku hizi taa ndogo za sola zapatikana katika kila soko. Moja ining'inizwe mlangoni na nyingine chooni, ili mzee asilazimike kushika mkongojo kwa mkono mmoja na kurunzi kwa mkono mwingine, akabaki bila mkono wa kushikia ukuta.

La tano ni kuondoa mitego midogo ambayo sisi wenye macho mazima tunairuka bila kufikiri. Kamba ya mbuzi iliyovutwa katikati ya njia. Kamba ya nguo iliyofungwa kwa kimo cha shingo. Kipande cha seng'enge kilichochomoza kutoka kwenye ua. Kuni zilizotapakaa, jembe lililolazwa majanini, mpira wa maji uliojikunja kama nyoka. Matawi makavu ya mikalitusi yanayoning'inia juu ya benchi nayo yakatwe kabla upepo haujayakata.

Mwisho, mzee avalishwe filimbi shingoni au awe na simu mfukoni. Kogo hangalala chini muda wote ule lau angalikuwa na kitu cha kuita nacho.

Nimetaja usalama, lakini uwanja usiofurahisha hautumiki hata ukiwa salama. Mzee hatoki nje ili atembee kwenye saruji. Hutoka kwa sababu kuna kinachomwita: maua aliyoyapanda, kuku anaowajua kwa sura, mboga alizozoea kuzichuma. Wana wa Kogo walikuwa wakilalamika kwamba mama hakomi kuinama bustanini. Walitaka akome. Kwa nini hawakuiinua bustani?

Katika nchi ya chai jambo hili lisingefaa kufunzwa na mtu yeyote. Mchai ukiachwa hukua na kuwa mti mrefu. Ni kwa kupogolewa ndipo unapobakia kimo cha kiuno, ukawa kama meza pana ya kijani, ili mchumaji asimame wima akichuma majani mawili na chipukizi. Kwa zaidi ya miaka 90 mashamba ya Kericho yamejua kuwa mgongo wa mfanyakazi una mpaka wake, na yakapunguza mmea umfae mtu. Basi na tuwafanyie mama zetu yale tuliyoyafanya kwa ajili ya biashara. Managu na saga zaweza kuota katika gunia lililojazwa udongo, au katika kitalu kilichoinuliwa kwa mbao hadi kiunoni. Mama atapalilia akiwa amesimama, au hata ameketi.

Najua kuna watakaosema kwamba haya yote yanahitaji pesa, na bei ya majani chai haitabiriki. Ni kweli kwamba mtu hujikuna ajipatapo. Lakini fito za mikalitusi zimejaa katika vijiji vya Kericho, kokoto hupatikana, na mafundi wa jua kali hawajapungua. Wana wa Kogo hawakukosa pesa. Walizitumia mahali ambapo wapita njia wangeziona.

Fauka ya hayo, sisi Wakenya tuna ukarimu wa ajabu mtu anapofariki. Tunaunda kamati, tunachanga maelfu ya shilingi, tunakodi mahema na magari, tunanunua jeneza lenye vishikio vya shaba. Sijawahi kualikwa kwenye kamati ya kuchangia kishikio cha ngazi. Ilhali kishikio cha ngazi huenda kingaliahirisha lile jeneza kwa miaka kumi.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya familia. Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinawahakikishia wazee haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kuishi kwa heshima, na kupata matunzo ya kiasi kutoka kwa familia zao na kwa Serikali. Mpango wa Inua Jamii huwapa waliotimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni msaada wa kushukuriwa, lakini hiyo ni pesa ya unga, mafuta na dawa. Haiwezi pia kununua saruji.

Mnamo Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 walizinduliwa nchini kuzuru nyumba kwa nyumba wakipima shinikizo la damu na sukari. Napendekeza kwamba wanapokwisha kumpima mzee, waupime na uwanja wake. Watazame ngazi, choo, taa na njia, na waiambie familia palipo na hatari. Vyuo vya ufundi vya kaunti vyaweza kuwapa wanafunzi wa useremala na uashi mtihani wa kutengeneza njia na vishikio katika nyumba za wazee wasio na watoto karibu. Makanisa, yenye vikundi vya vijana kila kijiji, hayahitaji kungojea agizo la mtu.

Oktoba 1 kila mwaka ni Siku ya Kimataifa ya Wazee, iliyotengwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1990. Huwa kuna hotuba na blanketi. Laiti siku hiyo kila lokesheni ingetengeneza njia moja ya choo, hotuba zingekuwa na ushahidi.

Kuhusu Kogo, nilizungumza na rafiki yangu kwa uwazi ambao ni urafiki wa miaka mingi tu unaoweza kuuvumilia. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba vile vigae vya ngazini ni yeye aliyevichagua, na kwamba alivichagua kwa kuwa vilikuwa ghali. Amewaita ndugu zake wakutane nyumbani waving'oe. Mlango wa vyuma bado upo, lakini ufunguo sasa anao mama.

Nawe msomaji, hapana shaka una mzazi, nyanya au babu mahali fulani. Utakaporudi nyumbani likizo ijayo, usikimbilie kuingia ndani na vifurushi vyako. Ngoja usiku uingie na mvua inyeshe. Kisha toka nje bila kurunzi, tembea polepole kutoka mlangoni hadi chooni na urudi, ukikumbuka kwamba yeye huitembea njia hiyo kila usiku, naye ana miaka 80. Ukirudi barazani utakuwa unajua la kufanya, na asubuhi yake duka la saruji litakuwa wazi.